Katuni fupi ya wanyama kwa watoto: anza na mwili wa mnyama ndo uje kwenye programu

Wengi wanaotaka kutengeneza katuni ya watoto swali lao la kwanza ni nitumie programu gani, na mimi jibu langu siku zote ni swali lingine: mnyama wako ni nani na mwili wake unaweza nini, unashindwa nini? Maana katuni nyingi za wanyama ukiziangalia vizuri hazina mnyama ndani, ni mtoto wa binadamu kavishwa masikio ya sungura, ukimtoa sungura ukaweka paka au tembo hadithi inabaki vilevile. Watoto wanaliona hilo haraka kuliko sisi. Mtoto anapenda mnyama kwasababu ni kiumbe chenye mwili mwingine, kina mkonga, kina gamba, kinaruka, kinanuka, na anataka kujua ukiwa na mwili huo maisha yanakuwaje.

Kwahiyo mwongozo huu nauanzia hapo, na nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, katuni ya dakika 2. Usijaribu dakika 10 mara ya kwanza tafadhali, hesabu yake utaiona chini huko.

Hatua ya 1: chagua mnyama kwa mwili wake

Chukua karatasi, andika wanyama kama watano, mbele ya kila mmoja andika kitu anachoweza kupita wengine na kitu asichoweza kabisa. Twiga anaona mbali ila kujificha hawezi. Kobe kabeba nyumba ila hawezi kuivua, gamba lile limeungana na mbavu na uti wa mgongo wake, kwahiyo zile katuni za kobe anavua gamba kama koti zinamdanganya mtoto bure. Tembo ana nguvu ila haruki, hata akikimbia kuna mguu unabaki unagusa chini. Kinyonga macho yake kila moja linaangalia kwake. Unaona? Kila mstari hapo ni hadithi tayari, twiga anacheza mchezo wa kujificha na wenzake, hujaandika kitu na mtoto ameshaanza kucheka.

Mimi kwenye mfano wetu nachukua kakakuona. Akiogopa anajikunja mpaka anakuwa mpira, kichwa kinaingia ndani, mkia unafunika juu. Na wapo kakakuona wanaotembea kwa miguu ya nyuma peke yake, ile mikono ya mbele yenye kucha wameikunja kifuani, utadhani mtu mwenye aibu kaingia nyumba ya ugenini. Sasa mnyama wa hivyo kashakuandikia tabia yake mwenyewe, we unafuata tu.

Hatua ya 2: hadithi, na iwe ya mistari mitano

Mhusika anataka kitu kimoja. Mwili wake unamzuia. Anajaribu, anashindwa, anajaribu tena anashindwa, mara ya tatu kinatokea kitu tofauti. Hii ya mara tatu ni ya zamani sana kwenye hadithi za mdomo na inafanya kazi kwasababu mara ya kwanza mtoto anajifunza mchezo unavyokwenda, mara ya pili anautabiri, mara ya tatu anasubiri aone kama utabiri wake ni kweli, na hapo ndo unamshika.

Yetu iko hivi. Kaku ni kakakuona, anataka mtu wa kucheza naye. Kipepeo anamtua puani, anashtuka anajikunja, kipepeo anaondoka. Chura anamsalimia, anajikunja, chura anamrukia juu akidhani jiwe afu anaenda zake. Mara ya tatu anakutana na Lulu, konokono, na Lulu naye akishtuka anaingia kwenye gamba. Wote wawili wamejificha. Kaku anachungulia kwa jicho moja anaona jiwe dogo, na kwa vile jiwe halitishi anaanza kuliongelesha, analieleza jinsi anavyotamani rafiki. Taratibu pembe moja ya konokono inatoka, jicho likiwa kwenye ncha, halafu ya pili. Kaku anaanza kujikunja, anafika nusu... anasimama. Basi, mwisho.

Angalia hakuna aliyesema "watoto tusiogope marafiki". Hiyo sentensi ukiiweka mwishoni umemnyang'anya mtoto kazi yake, picha ya Kaku kusimama nusu njia imeshasema yote. Na ukiona hadithi yako haieleweki bila msimulizi kueleza funzo, shida iko kwenye hadithi, rudi kwenye karatasi kabla hujachora chochote.

Majina yaanze na sauti tofauti. Mwanzo mtu anaweza kuwaita Kaku na Kono, mtoto wa miaka minne anawachanganya, ndo maana hapa ni Kaku na Lulu.

Kitu kingine cha lugha nakipenda sana: Kiswahili chenyewe kimeshawafanya wanyama kuwa wahusika. Kipepeo, kiboko, kifaru, majina yanaanza na ki- kama kiti na kikombe lakini tunasema kipepeo ametua, kifaru amelala. Ukiandika "kipepeo kikatua" umemgeuza kitu, na mtoto masikio yake yanasikia. Ukitaka udogo au ukubwa lugha inakupa pia, kijibwa, jibwa, huhitaji kuongeza "mdogo sana" kila saa. Na tumia tanakali za sauti, hizo ni mali ya hadithi za watoto: akianguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi. Neno moja linafanya kazi ya sentensi na mtoto analirudia wiki nzima.

Hatua ya 3: hesabu, kabla hujajiahidi kitu

Filamu ya kawaida ina fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zinazofuatana. Dakika 2 ni sekunde 120, kwahiyo fremu 2,880. Wachoraji wengi wanashikilia kila mchoro kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, inabaki 1,440. Bado ni mingi kwa mtu mmoja. Ndo maana hadithi nzuri ya mwanzo ni ile yenye vituo: Kaku akiwa mpira ametulia sekunde 3 ni mchoro mmoja tu badala ya 36, na kwa bahati ndizo sekunde mtoto anazoshika pumzi. Kutulia siyo uvivu, kutulia ni uigizaji, mradi mtoto ajue kuna nini kinasubiriwa.

Sasa njia za kufanya. Unaweza kuchora kila fremu kwa mkono, Krita, Pencil2D na OpenToonz zote ni za bure kwenye kompyuta, kwenye simu FlipaClip inatosha kuanzia. Unaweza kukata karatasi viungo viungo ukasogeza kidogo ukapiga picha moja moja kwa simu, na kwa anayeanza kabisa mimi hii ndo napendekeza, mikono inajifunza haraka kuliko panya wa kompyuta. Au Blender, nayo ni ya bure, ina uwezo wa 3D na pia wa kuchora 2D ila inahitaji uvumilivu wiki za mwanzo. Asikuambie mtu vya bure havifiki mbali, filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia ilitengenezwa kwa Blender, wahusika ni wanyama watupu na hakuna neno hata moja linalosemwa, na ilishinda Oscar ya filamu ya katuni ndefu mwaka 2025.

Ukienda na karatasi kuna mambo mawili yanaharibu kazi za watu wengi. La kwanza mwanga wa dirishani, jua linahama na wingu linapita, kwahiyo video inakuwa inapepesa, funga pazia tumia taa mbili zisizosogea. La pili simu inajirekebisha yenyewe mwanga na fokasi kila picha, ifunge hiyo kwenye mipangilio kabla ya fremu ya kwanza. Na simu iwe imebanwa kabisa, siyo imeegemezwa kitabu. Mimi niliwahi kupoteza kazi ya siku mbili kwa sababu kitabu kiliteleza kama nusu sentimita, sikuona mpaka nilipocheza fremu zote, ikabidi nirudie onyesho zima la chura, na niliumia kwasababu ile ya kwanza ilikuwa nzuri.

Hatua ya 4: mchore asiwe mzigo

Hapa watu wanajichongea. Pundamilia ni mzuri ila kila mstari wake utauchora mara 1,440. Magamba ya Kaku ukiyachora yote hutamaliza mwaka. Tunachora safu tatu za magamba mgongoni, basi, macho ya mtazamaji yanajaza mengine. Rangi nne au tano kwa mhusika mmoja zinatosha.

Jaribio langu: mpake mhusika weusi mtupu, kivuli tu. Anajulikana ni nani? Anajulikana anahisi nini? Kaku wima na mikono kifuani, Kaku mpira, Lulu na pembe mbili, vivuli vitatu hata ukiviona mbali unavijua. Lotte Reiniger alitengeneza filamu ndefu nzima kwa vivuli vya karatasi iliyokatwa, ilitoka 1926, na watu waliifuata japo ni vivuli tu.

Halafu jifunze mifupa kidogo, kidogo tu. Lile "goti" la mbwa au farasi la mguu wa nyuma linaloonekana limepinda kinyume siyo goti, ni kifundo cha mguu, goti lenyewe liko juu karibu na tumbo. Mbwa na paka wanatembelea vidole, farasi anatembelea ukucha. Fisi miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, ndo maana mgongo wake unateremka, ukimchora mgongo umenyooka unapata mbwa mwenye madoa. Wanaowinda macho yao mbele, wanaowindwa macho pembeni, hilo peke yake linabadilisha uso mzima.

Hisia zikae mwilini. Masikio, mkia, manyoya, shingo. Ukimpa sungura nyusi za binadamu unapata furaha na hasira za kawaida, ila masikio yakilala nyuma taratibu mtoto anajua kitu kabla hata hajajua amejuaje. Kwa Kaku hisia zote ziko kwenye kujikunja, kiasi gani kajikunja ndo kiasi gani anaogopa, na Lulu hisia zake ni urefu wa pembe. Hatuhitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: storibodi na animatiki

Onyesho moja lichukue sekunde 4 hadi 6, kwahiyo dakika 2 ni kama maonyesho 24. Chora vibox 24, michoro mibaya mibaya tu ya vijiti, dakika mbili kila kimoja, hiyo ndo storibodi. Afu vipige picha, vipange kwenye programu yoyote ya kuhariri video, kila kimoja kwa muda wake, jirekodi ukisimulia juu yake. Hiyo ndo animatiki, na ndiyo hatua inayookoa miezi.

Mwonyeshe mtoto. Usimweleze chochote, usimuulize kama ni nzuri maana atakujibu nzuri ili akufurahishe. Muangalie yeye, acha skrini. Akigeuza kichwa andika sekunde. Ikiisha mwambie akusimulie, anayosahau ndo yaliyolegea, anayoongeza kwa akili yake ndo yanayotakiwa kuwemo. Kwenye hadithi kama hii sehemu ya kulegea mara nyingi ni ya pili, unarudia ya kwanza bila kuongeza kitu, ndo maana chura anamrukia Kaku juu na kipepeo hakufanya hivyo.

Hatua ya 6: sauti kwanza, halafu ndo mdomo

Rekodi sauti kabla ya kuchora mwendo, kwasababu mdomo unafuata sauti, sauti haiwezi kufuata mdomo ikatoka vizuri. Kaa chumba chenye mapazia na nguo, hata ndani ya kabati la nguo, simu iwe kama sentimita 20 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili p na b zisipige. Rekodi pia sekunde 30 za ukimya wa chumba, utazihitaji kuziba mapengo. Audacity ni ya bure na inatosha kusafisha.

Msimulizi asikimbie. Mimi kwa watoto wadogo naweka kama maneno 100 kwa dakika na nyingine naacha kimya, na kila sentensi inayoeleza kinachoonekana tayari naifuta. Kama Kaku anaonekana anajikunja hakuna haja ya kusema Kaku akajikunja.

Kuhusu mdomo, hapa Kiswahili kinatupa raha. Vokali zetu tano, a e i o u, na kila moja inasomwa vilevile siku zote. Chora midomo mitano ya vokali, mmoja uliofungwa wa m, b na p, mmoja wa f na v, jumla saba, umemaliza, midomo saba inaongea lugha nzima. Na mkazo wetu kwa kawaida unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo kwenye "karibu" mdomo ufunguke zaidi kwenye ri, kwenye "rafiki" kwenye fi. Ukiuweka sehemu nyingine inaonekana kama katuni ya lugha ya kigeni iliyowekewa sauti juu. Mnyama mwenye mdomo uliochongoka kama Kaku unaweza kumchezesha taya tu na kichwa kikaitikia pale penye mkazo, mtoto hatalalamika.

Hatua ya 7: mwendo

Hapa kaa muda mrefu. Kabla ya kitendo chochote mwili unajiandaa kinyume: chura kabla ya kuruka juu anachuchumaa chini, bila hiyo anaonekana kavutwa na kamba. Kitu kikianza kusogea kinaanza polepole, kinashika kasi, kinapunguza kabla ya kusimama, yaani michoro iwe karibu karibu mwanzo na mwisho, iachane katikati. Kitu laini kikianguka kinabonyea kikigusa chini, kikiruka kinarefuka, ila ujazo wake usibadilike, kikibonyea kiongezeke upana.

Mnyama wa miguu minne akitembea polepole fuata mpangilio huu: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, rudia. Watu wengi wanachora miguu kama viti viwili vinavyofuatana na ndo maana ng'ombe wao wanateleza. Twiga na ngamia wao wanapeleka miguu ya upande mmoja karibu pamoja, ndo maana wanayumba. Sungura mikono inatua kwanza kisha miguu ya nyuma inaipita inatua mbele yake. Kuku kichwa kinabaki palepale mwili ukisogea, halafu kichwa kinarukia mbele, wala hakitikisiki ovyo.

Usikisie, angalia video za wanyama wa kweli kwa mwendo wa polepole. Mpaka 1878 wachoraji wakubwa walikuwa wanachora farasi akikimbia miguu yote imenyooshwa mbele na nyuma hewani, ndipo Eadweard Muybridge alipompiga farasi picha kwa kamera zilizopangwa mstari, ikaonekana kweli kuna wakati miguu yote minne iko hewani ila inakuwa imekusanywa chini ya tumbo. Karne na karne macho ya watu yalikuwa yanadanganywa, na yangu na yako yanadanganywa vilevile.

Kwa filamu yetu mwendo wa muhimu ni ule wa mwisho, Kaku kuanza kujikunja akaishia nusu. Mpe muda. Ajikunje haraka kama fremu 6, asimame, atulie sekunde 2 nzima, afu aanze kujifungua polepole sana, taya kwanza, jicho, ndo bega. Ukiharakisha hapo umepoteza filamu.

Hatua ya 8: kuunganisha na kutoa

Muziki chukua wenye leseni inayokuruhusu, kwenye zile leseni za Creative Commons wa CC0 hauna masharti, CC BY lazima utaje mtunzi. Ngano ya zamani ya mdomo ni ya wote, lakini maneno na michoro ya kitabu kilichoisimulia vina mwenyewe, simulia kwa maneno yako.

Taa za kumweka epuka, hasa nyekundu, na zikibidi zisizidi mara tatu kwa sekunde. Desemba 1997 huko Japani mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya katuni moja ya televisheni kuonyesha nyekundu na bluu zikipishana kwa kasi. Kama una radi kwenye hadithi yako weka mweko mmoja na ngurumo, inatosha.

Ukipandisha YouTube itakubidi useme kama video ni ya watoto, ni sharti tangu Januari 2020, na ukisema ndiyo maoni yanafungwa na matangazo yanayolenga mtu binafsi hayatokei. Sema ukweli hata kama mapato yanapungua, anayeangalia ni mtoto.

Kabla hujafunga kompyuta toa sauti kwenye faili tatu tofauti, ya msimulizi na wahusika peke yake, ya muziki peke yake, ya vishindo na mazingira peke yake. Hifadhi pamoja na faili la mradi na michoro yote, nakala mbili sehemu mbili. Siku mtu akikuomba Kaku na Lulu waongee lugha nyingine unabadilisha faili moja tu na ile midomo, kujikunja kwao hakuhitaji tafsiri.